Kabla ya Kushona, Piga Picha

Haya wadau, leo tunaingia thieta. Msiogope, hakuna damu nyingi. Ni historia tu kama kawaida yangu, ila safari hii inahusu mguu wako. Na ukiishi Eldoret hii yetu ya nduthi na wakimbiaji, mguu ni mali.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, usije ukasema nimekuzungusha. Mtu akivunjika kifundo cha mguu na ikabidi awekewe vyuma, picha ya maana kuliko zote si ile ya siku aliyofika hospitali, wala ile ya kliniki wiki sita baadaye. Ni ile inayopigwa akiwa bado amelala mezani, kidonda kiko wazi, daktari hajashika uzi. Hapo kosa likionekana, linarekebishwa palepale. Picha nyingine zote zinakuja mapema mno au zimechelewa. Na binadamu ametoka mbali sana mpaka akaipata picha hiyo, kwa hiyo mtu akiniambia ni anasa ya hospitali za matajiri, mimi nakataa.

Kwanza tuelewane kuhusu kifundo chenyewe. Kiguse sasa hivi. Nundu ya ndani ni mwisho wa mfupa mkubwa wa muundi. Nundu ya nje ni mwisho wa mfupa mwembamba unaoteremka kando yake. Katikati ya nundu hizo kuna mfupa mwingine, talasi, umekaa pale kama ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu alilochonga fundi seremala. Seremala akichonga vizuri, kiti hakichezi. Akikosea kidogo tu, kila ukikaa kinalia.

Ile mifupa miwili ya juu imefungwa pamoja na kano ngumu. Mtu akianguka na mguu ukajipinda, mfupa unaweza kuvunjika na kano zile zikachanika pia. Mfupa ukivunjika utauona kwenye eksirei. Kano hazionekani. Kinachoonekana ni nafasi tu, upenyo kidogo uliopanuka mahali ambapo haukupaswa kupanuka.

Kidogo kiasi gani? Mwaka 1976 watafiti wawili Wamarekani, Ramsey na Hamilton, walipima vifundo vya maiti. Wakakuta kwamba talasi ikisogea nje milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa inagusana linapungua kwa wastani wa asilimia 42. Milimita 1, wadau! Ni unene wa kadi ya benki na ziada kidogo. Uzito wako wote sasa unabebwa na karibu nusu ya mahali pa zamani. Gegedu inasagika, maumivu yanaanza, na miaka michache baadaye kijana anatembea kama mzee. Sasa niambie, ni jicho la nani linaweza kukadiria milimita 1 ndani ya mguu uliovimba?

Turudi nyuma. Watu wamekuwa wakiunga mifupa tangu zamani, na lugha yetu yenyewe inakumbuka. Neno "mganga" limetoka kwenye "kuganga", na kuganga ni kutibu, lakini pia ni kuunga kilichovunjika. "Gango" ni kile kitu unachofungia ili kishikane. Kila jamii hapa kwetu ilikuwa na wazee waliojua kupapasa mguu, kuuvuta, kuunyoosha, na kuufunga kwa vibanzi. Kazi yao ilikuwa ya vidole. Kwa mfupa wa katikati ya mguu, mara nyingi ilitosha. Kwa kifundo, vidole vilikuwa vinabahatisha.

Na msidhani Wazungu walikuwa mbele. Mwaka 1756 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, alianguka kutoka kwa farasi. Farasi ndio ilikuwa nduthi ya enzi hizo. Akavunjika mguu vibaya, mfupa nje. Kinasimuliwa kisa kwamba alikataa kuinuliwa ovyo, akanunua mlango, akalazwa juu yake na kubebwa hadi nyumbani, na hivyo akaokoa mguu uliokuwa karibu kukatwa. Baadaye, katika miaka ya 1760, aliandika kitabu kuhusu mifupa iliyovunjika, na mvunjiko mmoja wa kifundo ukaitwa kwa jina lake hadi leo. Ila hata Pott na elimu yake yote alikuwa anaona ngozi tu. Kilichokuwa chini ya ngozi alikikisia.

Kisha ikaja Novemba 8, 1895. Huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopita kwenye nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mke wake, pete ikionekana kidoleni. Dunia ikashangaa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo shuleni hatukuambiwa. Baadhi ya watu wa kwanza kabisa kutumiwa eksirei kwa majeraha ya vita waliumia katika upande wetu huu wa Afrika. Machi 1, 1896, jeshi la Mfalme Menelik liliwapiga Waitaliano kule Adwa, Ethiopia. Miezi michache baadaye, katika hospitali ya kijeshi ya Naples, daktari Giuseppe Alvaro alitumia eksirei kutafuta risasi katika mikono ya askari wawili waliorudishwa kutoka vita hivyo vya Ethiopia. Mwaka 1898 Mwingereza John Battersby akaleta mashine hadi kando ya Mto Nile, Abadieh, Sudan. Umeme aliupata kwa askari kukanyaga baiskeli! Yaani miaka mitatu tu baada ya Röntgen, eksirei ilikuwa ishafika Nile, joto lile na vumbi lile, kwa nguvu ya miguu.

Kwa hiyo mtu akisema teknolojia fulani haiwezi kufanya kazi Afrika kwa sababu ya stima, mkumbushe ile baiskeli. Swali huwa ni hili: inaletwa kwa ajili ya nani? Battersby aliileta kwa ajili ya majeruhi wa jeshi lake, si kwa wenyeji wa pale.

Lakini picha ya karatasi haikutosha ndani ya thieta. Fikiria daktari amefungua mguu, amepanga mifupa, anataka kujua kama imekaa sawa. Apige filamu, ipelekwe chumba cha giza, isafishwe, irudishwe ingali na maji. Mgonjwa yuko usingizini muda wote huo, kidonda wazi. Ikionekana mfupa umekaa vibaya, ajaribu tena, na filamu nyingine. Ukiwa na haraka, utashona na kumwachia Mungu.

Kulikuwa na njia ya kuona mifupa ikisogea moja kwa moja kwenye kioo kinachong'aa. Thomas Edison aliitengeneza mwaka 1896. Tatizo, mwanga wake ulikuwa hafifu sana. Madaktari walikaa gizani muda mrefu, na baadaye walivaa miwani myekundu kabla ya kazi ili macho yazoee. Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi. Msaidizi wa Edison, Clarence Dally, aliyekuwa akiweka mikono yake mbele ya miale siku baada ya siku, aliungua, akapata saratani, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafariki. Edison akaogopa, akaacha kazi ya eksirei kabisa. Picha hii tunayoidai leo watu waliilipia kwa miili yao, tukumbuke hilo.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili, ulipopatikana mtambo wa kuikuza ile nuru hafifu mpaka ikaonekana wazi bila giza na bila miale mingi. Mwaka 1955 kampuni ya Philips ikatoa mashine yenye mkono uliopinda kama herufi C. Ncha moja inatoa miale, ncha nyingine inaipokea, mgonjwa yuko katikati, na picha inatokea kwenye skrini hapohapo. Mkono unazungushwa kuuzunguka mguu bila kumgeuza mgonjwa. Hapa nitaiita mashine ya C. Miaka mitatu baadaye, 1958, madaktari wa Uswisi wakaanzisha kikundi cha AO kule Biel, wakaanza kufundisha dunia namna ya kuunga mifupa kwa mabamba ya chuma na skrubu, kila kipande kirudi mahali pake kamili. Mambo hayo mawili, chuma na jicho, yalikua pamoja. Hapo ndipo sisi tulipojikwaa: tumechukua chuma, jicho tukaliona la ziada.

Tuje nyumbani. Mji wetu ulianzia shamba namba 64, ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910, ndiyo maana wazee bado wanasema Sisibo. Hospitali kubwa tunayojivunia leo, ile ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 60. Mwaka 1998 ikapandishwa kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa, na sasa inapokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya, na wengine wanavuka mpaka kutoka Uganda.

Halafu zikaja nduthi. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na ghafla kila kijana akawa na kazi. Ni jambo zuri, hata mimi napanda kila siku. Lakini ukitaka kujua kifundo cha mguu kinavyovunjika, tazama nduthi ikilala: mguu wa dereva unabaki chini, mwili unaenda upande mwingine. Sheria ya kuondoa ushuru ilikuja na pikipiki. Haikuja na mashine za C kwenye hospitali za kaunti ndogo.

Binamu yangu ni mmoja wao. Hospitali aliyotibiwa sitaitaja, na si hoja hapa. Alianguka, akafanyiwa upasuaji, akawekewa bamba na skrubu. Eksirei ikapigwa siku ya pili, akiwa ameshashonwa na kufungwa. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana, tutafuatilia." Wakafuatilia miezi 7. Mguu ukawa haukubali kukanyaga mteremko. Mwishowe akafunguliwa tena mahali pengine, mfupa wa nje ukavutwa mahali pake, na safari hii picha ikapigwa mezani. Familia ililipa mara mbili. Na yeye miezi hiyo yote hakuendesha nduthi, yaani hakula kwa jasho lake. Hakuna aliyekuwa mzembe pale, kwa ninavyoelewa. Walifanya kazi bila jicho, basi.

Najua kuna mtu ataniambia, "Wewe kijana, madaktari wetu wamezoea kufanya kazi bila hizo mashine, na watu wanapona." Ni kweli, na historia hiyo ni ya kujivunia. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN huko Marekani, akabuni chuma kirefu cha kupitishwa ndani ya mfupa wa paja au wa muundi bila mashine ya C. Mahali pa skrubu panapatikana kwa kipimo kinachofungwa nje ya mguu. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali nyingine za ukanda wetu zimetibu watu wengi kwa njia hiyo. Heshima kwao.

Lakini paja si kifundo. Mfupa wa paja ni bomba refu, na ukilinyoosha vizuri umefanya kazi kubwa. Kifundo ni tundu la seremala, na kipimo chake ni milimita. Hakuna kifaa cha kufunga nje kitakachokuonyesha ule upenyo kati ya mifupa miwili. Daktari akifungua anaona uso wa mfupa alioukata ngozi juu yake, ila hazioni pande zote kwa pamoja, wala haoni kama talasi imerudi katikati.

Kwa mashine ya C anafanya hivi. Anapiga picha ya mbele. Kisha anageuza mguu ndani kama digrii 15 ili lile tundu lionekane lote, na anaangalia kama nafasi kuzunguka talasi inalingana. Kisha picha ya ubavuni. Anahakikisha mfupa mwembamba haujafupika na hakuna skrubu iliyotoboa hadi kwenye kiungo. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda: anauvuta ule mfupa wa nje kwa ndoano huku akitazama skrini. Nafasi ikifunguka, kano zimeachia, na anaongeza skrubu ya kuzishikilia. Ikitulia, anashona. Jaribio hilo la kuvuta lilielezwa na daktari Cotton wa Marekani mwaka 1910, kwa hiyo si mambo ya juzi. Mashine inampa tu nafasi ya kuliona jibu lake.

Nisiwadanganye kwamba picha inamaliza yote. Mwaka 2006 Michael Gardner na wenzake kule Marekani waliwachunguza wagonjwa 25 waliokuwa wamefungwa zile kano kwa upasuaji. Eksirei za kawaida zilionyesha tatizo kwa 6. Skani ya CT ikaonyesha mfupa haujakaa sawa kwa 13. Zaidi ya nusu! Na mwaka 2012 madaktari wa Ludwigshafen, Ujerumani, walieleza walichokuta walipotumia mashine inayotoa picha ya pande zote mgonjwa akiwa bado mezani: kati ya upasuaji 251, mara 82 walibadilisha kitu baada ya kuiona. Hao ni Wajerumani, wenye kila kifaa. Kama wao, wakiwa na macho hayo yote, hubadilisha kazi moja kati ya tatu, sisi tunaoshona bila kutazama tunajiamini kwa lipi?

Na kuna mbinu isiyohitaji mashine ghali zaidi: piga picha ya mguu mzima wa mgonjwa yuleyule, uiweke kando kwenye skrini. Mguu wake mzima ndio ramani. Mungu ameshakupa kielelezo bure.

Sasa siasa kidogo. Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa miaka 7, shilingi bilioni 38, hospitali 98 katika kaunti zote 47. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ikaandika ripoti kali, na moja ya malalamiko ilikuwa vifaa vilivyolala bila kutumika kwa sababu ya kukosa wataalamu, umeme wa kutosha au vyumba vinavyofaa. Hili ndilo gonjwa letu. Tunahesabu mashine zilizofika, hatuhesabu mara ngapi zimewashwa. Mashine ya C bila mtaalamu wa eksirei usiku wa Jumamosi ni samani. Bila maeprone ya risasi ya kuwakinga wafanyakazi, ni hatari, na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 inataka wakingwe. Clarence Dally hakufa ili manesi wetu wasimame mbele ya miale na leso.

Kwa hiyo nataka nini? Kwa kaunti: msitangaze thieta mpya bila kutuambia jicho lake liko wapi, nani analiendesha, na fundi atakuja lini likizima. Kwa wewe na ndugu zako: ulizeni. Kiungo kikiwa kimeteguka, kirudishwe mahali pake upesi, hapo msichelewe kwa maswali. Lakini upasuaji wenyewe mara nyingi husubiri siku kadhaa uvimbe upungue, na siku hizo zinatosha kumwambia daktari kwa heshima: "Daktari, mtapiga picha kabla ya kushona? Mashine inafanya kazi wiki hii? Kama haifanyi, tunaweza kupewa rufaa mahali inapofanya?" Daktari mzuri hatakasirika. Wengi wao wanatamani mgonjwa aulize kwa sauti, ili wapate cha kumwonyesha msimamizi anayeshikilia bajeti.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ona neno walilolichagua. Kuganga. Wazee wetu waliganga kwa vidole kwa sababu hawakuwa na kingine, na walifanya makubwa. Sisi tunacho kingine, tena tangu 1955. Ukimjua mtu anayesubiri kuwekewa vyuma kifundoni wiki hii, mtumie hii asome leo, kabla hajaitwa thieta.